Mikrofoni ya Pili

"Mansoor, baba, hebu tupishe," Mama alimwambia mwenye duka kwa sauti iliyokwaruza. "Nyimbo za unyago hazisikilizwi na mwenye ndevu."

"Nikinyoa je, bibi?" Alicheka, akatuachia mikrofoni mbili za kujaribu mezani, akatoka na kufunga mlango wa kioo.

Jumatatu daktari angeikata saratani ya koo la Mama, na sauti yake ingekwenda nayo. Studio yangu ya chumbani ilikosa mikrofoni tu. Mama alikuwa kungwi wa mwisho Mlingotini, na siku hizi koo lake lilifunguka mara moja tu kwa siku.

Tukavaa hedifoni. Mikrofoni ya kwanza ilivuma. Ya pili ilinasa hata pumzi. Mama alifumba macho akaimba kama zamani, mishipa ya shingo imemsimama, nami bintiye nikirekodi kwa mashine ya duka.

Nikatazama nje. Madereva wa bodaboda walikuwa wameduwaa, mmoja kashika mdomo. Spika ya barazani, ile ya kuitia wateja, ilikuwa ikiimba pamoja na Mama.

Mashine ya kurekodi na ya spika ilikuwa moja. Kuizima spika ni kumkatiza.

Alifumbua macho. "Inaingia, mwanangu?"

Nikamwashiria aendelee, nikasogea kukiziba kioo kwa mgongo wangu.