Mwari wa Bi Mwatumu

Bi Mwatumu, kungwi wa mji ule, alizikusanya simu za wanawake wote waliokuja kumfunda bibi harusi kapuni, akazifungia jikoni.

"Ya chumbani hayatoki nje," alisema.

Kisha akamnong'oneza bibi harusi jina la mzizi ambao wakungwi hawakupata kuutaja nje ya mlango wa chumba cha kufundia.

Bi Mwatumu alipotoka, simu yake mwenyewe, aliyokuwa ameisahau kifuani, ilimwonyesha tangazo: mzizi uleule, kwa jina lilelile, unauzwa.

Miaka arubaini ya kufunda, hakupata mwari aliyemsikiliza kama simu hii, asipotewe na neno hata moja.

Akaiweka simu kitini. Akakaa sakafuni, akanyoosha miguu, akajifunika kanga usoni kama mwari siku ya kwanza.

"Haya, somo," aliiambia simu kwa adabu. "Nifunde."