Bangili ya Ndoa

Siku hizi kila mwanandoa huvaa bangili inayodunda kwa mapigo ya moyo wa mwenzake. Mama Nasra alikuwa akikanda unga wa chapati bangili ilipoanza kwenda mbio, na mikono yake ikaifuata bila yeye kujua.

"Umevuta tena, Baba Nasra?" aliita kuelekea sebuleni.

"Sigara si niliacha? Huu ni mvuke wa nikotini tu, hauna moshi. Hata kipimo cha ukutani kinasema hewa safi."

"Basi mbona moyo wako haujui kwamba umeacha?"

Mumewe alicheka. Bangili ilidunda, ikaruka pigo moja, ikadunda tena, kisha ikanyamaza. Mama Nasra akasimama na mikono ndani ya unga, akingoja.

"Hewa safi," kipimo kilisema.