Mfenesi wa Akina Nakiete

Siku ya tamasha la miti, kila familia inauimbia mti wa nyumbani kwake, na yule ambaye mti utamwitikia kwa kuwasha taa yake ndiye anayebaki kuuimbia mwaka mzima. Hatoki mjini, hata kwenda harusini.

Safari hii Nakiete hakutaka kuchaguliwa, ng'o. Aliimba kama mbuzi aliyebanwa na mlango, na taa iliyofungwa kwenye shina la mfenesi wao haikuwaka.

"Unatuaibisha!" mama yake akafoka. "Chuo kimekufundisha kubweka?"

"Koo limekauka, mama."

Kaka yake Senzighe akapuliza filimbi mpaka watu wakatikisa vichwa kwa raha. Taa kimya. Aah! Nakiete alitamani kuupiga teke. Mti gani huu wa kuringa hivi?

Shangazi yake akapenya kwenye umati. "We mtoto, mbona umenuna sikukuu nzima?"

Habari ilikuwa imemkaba tangu asubuhi, ikamtoka. "Shangazi, nimepata kazi Zanzibar! Ya kupima matumbawe, humo humo baharini! Naondoka Jumatatu, shangazi, Jumatatu!" Akarukaruka, sauti ikapanda kama kigelegele.

Umati ukalipuka kwa makofi. Alipogeuka, taa ya mfenesi ilikuwa inawaka kijani.

"Jamani, sikuimba! Nilikuwa naongea tu!"

"Basi utaongea hivyo hivyo, mwanangu," mama akasema huku akimkumbatia kwa furaha. "Mwaka mzima."

Nakiete akafungua mdomo apige kelele, halafu akaufunga haraka. Matawi yalishaanza kuinama yamsikilize.