Macho Mekundu ya Bata

Siku hiyo Mwewe hakutaka kifaranga. Aliuona moto wa nyika ukija mbio, akapiga kelele juu ya kichaka: "Kuku, tokeni!" Kuku wakazidi kujificha. Kila alipopaza sauti, walijichimbia zaidi. Roho juu, akamwendea Bata, mwenyekiti wa kikundi cha kuku.

"Mama, waambie wewe. Mimi hawaniamini."

"Nionyeshe kwanza."

Bata akaufuata moto mpaka moshi ukamchoma macho, akarudi kwa kuku akitweta.

"Moto unakuja!"

"Nani kasema?"

"Mwewe."

Kuku wakaganda. Mwewe, kule angani, akafumba macho asione.

"Na mimi nimekwenda," Bata akasema. "Nitazameni macho."

Wakatoka wote mbio.

Tangu hapo Bata ana wekundu machoni, na Mwewe akileta habari, kuku humtazama Bata kwanza.