Nguva na Nyasi Zilizovua Majani

Jumanne saa nane mchana, bahari ilipokupwa na maji kupata moto, nyasi za baharini zilianza kudondosha majani. Nguva, mwenye wasiwasi wa kila kitu, aliyatazama yakielea taratibu kama usingizini.

"Malisho yangu yanakufa! Heri niile mizizi kabla haijaoza."

"Fukua, shoga," alicheka Jongoo Bahari, mla mchanga. "Ikiisha, karibu mezani kwangu."

Nguva akazamisha pua, akang'oa mzizi, akautafuna. Ulikuwa mtamu ajabu.

"Kumbe hazifi! Zimeficha chakula chini, zinangoja maji yapoe. Anayeziua ni mimi."

Kesho yake asubuhi alilifukia shimo kwa pua, kisha akaondoka na njaa yake kutafuta malisho kwenye maji baridi.