Jina Lililobaki kwenye Saraka

Jina la riwaya lilikuwapo kwenye skrini, lakini kila mara fundi alipoifungua, ilitapika tarakimu tupu.

"Jaribu tena," alisema mwalimu wa hesabu.

Baba yake aliiandika riwaya ile miaka nenda miaka rudi, na hakuichapisha popote. Sasa baba hayupo, na kompyuta yake imemfuata. Fundi aliinakili diski nzima, akatunga programu ya kujifanya ndiyo kompyuta ile kuukuu. Picha, barua, hata tasnifu iliyompa mwalimu shahada yake, vyote vilifunguka. Riwaya peke yake iligoma.

"Ni mdogo wangu huyo," mwalimu alisema. "Aliigeuza mashine ya baba uwanja wa michezo. Tangu mazishi sijamsemesha, wala sitamsemesha."

"Usimhukumu bado, dada. Huenda ni programu yangu haisomi vizuri saraka, ile orodha ya mafaili."

Fundi akainama kazini. Mwalimu akavuta kiti, akiikumbuka mashine ile iliyojaa upesi, na jinsi alivyokuwa akiichapa humo tasnifu yake kila likizo. Baba hakulalamika hata mara moja. "Wewe andika tu, mwanangu," alizoea kusema. "Nafasi yako haikosekani."

"Nimelipata kosa," fundi alisema hatimaye, lakini uso haukuchangamka. "Kompyuta za zamani, ukifuta faili, jina linabaki kwenye saraka. Linatiwa alama tu, na nafasi yake inapewa faili lingine. Programu yangu haikuijali hiyo alama."

"Kwa hiyo sasa itafunguka?"

Fundi alirekebisha mistari michache, akaiwasha programu upya. Jina la riwaya likatoweka.

Mwalimu alilia waziwazi, bila kujificha. Hakuwa na cha kutumainia tena ila hasira, akaing'ang'ania.

"Nilijua tu! Niambie ni mchezo gani umekaa mahali pake. Leo hii nampelekea ushahidi mbele ya mke wake na watoto wake."

"Yakimwagika hayazoleki, dada. Tuyaache."

"Niambie!"

Fundi akatafuta, akatazama, akatazama tena. Kisha akamgeuzia skrini asome mwenyewe.

Ilikuwa tasnifu yake.