Sekunde Tisa za Makrina

"Mama, njoo uone! Kazi ya dakika nne imekuwa ya sekunde tisa!"

Niliacha ungo, nikaenda na vumbi la ufuta mikononi. Binti yangu Makrina anatengeneza programu, kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Haskell, ya kusoma kumbukumbu za wagonjwa zinazotumwa kutoka kituo kimoja cha afya hadi kingine.

Sikuelewa, ila nilitaka kujua. Mimi huchambua ufuta, na nawaambia wachambuaji wenzangu: mtu akiwa mwepesi ghafla, muulize ameacha kutazama nini.

"Umeipunguzia nini?"

"Ilikuwa inakagua kila nafasi, kama ni tupu au ina kitu. Nimeutoa ukaguzi, sasa inasoma moja kwa moja. We mama nawe, maswali kama mwalimu!"

"Haya, nitafute mimi."

Akacheka, akaandika jina langu. Nikaweka kidole kwenye kioo, nikasoma taratibu. Dawa inayomdhuru: hakuna.

Penisilini, ile iliyonilaza siku sita uso umevimba, ilikuwa imeteleza hadi mstari wa chini, kwa mtu mwingine.

Makrina aliacha kucheka.

"Mama," akasema, "kituo cha Ruangwa nimeshawatumia programu hii, kabla sijakuita."